Mbuzi Asiye na Meno na Haki ya Kukataa

Mbuzi aliyezoea kula maganda ya mathenge, mti wa miiba, ukimfungua mdomo unaweza kukuta fizi tupu. Maganda hayo ni matamu, yamejaa sukari. Hukwama kati ya meno, meno yanaoza na kung'oka moja baada ya jingine, na mnyama anakufa njaa huku malisho yakiwa mbele yake. Katikati ya miaka ya 2000, jamii ya Ilchamus wanaoishi kando ya Ziwa Baringo ilimfikisha mahakamani mbuzi wa namna hiyo, awe kielelezo katika kesi yao dhidi ya serikali ya Kenya.

Mathenge haukujiotea. Uliletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukame ulipokuwa umeivua ardhi nyasi zake, kwa mradi wa serikali ulioungwa mkono na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Nia ilikuwa njema kabisa: kuni, kivuli, lishe ya mifugo, na mizizi ya kushika udongo. Mti ukashika kweli. Ukavamia malisho, ukaziba njia za kwenda majini, na miiba yake ikawa inatoboa ndala, kwato na matairi. Leo wapo wanaochoma makaa yake na kulipa karo, na si haki kulificha hilo. Lakini wafugaji waliokuwa wakijua kila jani ambalo mbuzi wao hula hawakuwa na nafasi ya kusema: mti huu hatuutaki.

Siku hizi ni nadra kukuta mpango wa kukabiliana na maafa usiotaja kushirikisha jamii za kiasili. Wazee huitwa barazani, hupewa chai na soda, hupigwa picha, majina yao yakaandikwa kwenye karatasi ya mahudhurio. Mimi naupima ushirikiano kwa swali moja: je, wazee wale wangesema hapana, mpango ungebadilika?

Wapo wanaolipinga wazo hili la kuipa jamii haki ya kukataa, na hoja zao si za kupuuzwa. Maji yakiingia nyumbani usiku hakuna muda wa baraza. Anayetoa amri ya kuhama lazima asikilizwe. Pia, neno "jamii" huficha mengi. Wazee wanaozungumza kwa niaba ya wote mara nyingi ni wanaume, ilhali anayetembea na ndoo na kuni, na kujua kisima kipi hukauka kwanza, ni mwanamke ambaye hakualikwa. Tena ardhi ina majirani. Uamuzi wa Wailchamus kuhusu malisho unawagusa Wapokot na Watugen, na Baringo imezika watu wengi kwa ugomvi wa malisho na mifugo. Ukiipa jamii moja neno la mwisho, umempa nani kimya?

Hoja hizi nazikubali kwa sehemu. Wakati wa uokoaji, amri itangulie. Ila uokoaji ni siku chache, na kupanga na kujenga upya ni miaka. Ubovu mwingi hufanyika katika miaka hiyo, wakati nafasi ya kuulizana ipo tele.

Tena Kenya yenyewe ina mifano ya kufanya vizuri zaidi. Kule Bunyore, kaunti ya Vihiga, ukoo wa Nganyi umesoma mvua kwa vizazi vingi: maua ya miti fulani, mwendo wa mchwa, sauti za ndege na vyura. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, wazee wa ukoo huo wamekuwa wakikaa na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa kabla ya msimu, kila upande ukitoa utabiri wake, kisha wanakubaliana juu ya mmoja wa kuwafikishia wakulima. Mwenye shaka atauliza kama mchwa anaweza kushindana na setilaiti. Nadhani tunapaswa kuuliza jambo jingine: utabiri sahihi usioaminiwa na mkulima unamsaidia nani? Hata hivyo dalili nazo zina mipaka. Mti unaosomwa ukikatwa, maua yake hayapo tena ya kusomwa, na misimu ikivurugika hata jicho lililozoea hukosea. Ndiyo maana kikao kile kina thamani. Kila upande unaingia ukijua unaweza kusahihishwa.

Kaunti ya Isiolo, kaskazini mwa nchi, wameenda mbali zaidi, kwa sababu huko fedha zenyewe ziliwekwa mezani. Wafugaji wa Kiborana wana dedha, mfumo wa wazee wanaoamua malisho yapi ni ya mvua, yapi ya kiangazi, na yapi hayaguswi mpaka ukame ubane. Kisima kikichimbwa ndani ya akiba hiyo bila kuwauliza, mifugo itajaa hapo mwaka mzima, na ukame ukifika akiba haipo. Kwa miaka mingi visima vya aina hiyo vilihesabiwa kuwa maendeleo. Kamati za wadi zilipopewa fedha za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi zijichagulie miradi, baadhi zilitanguliza kuyaimarisha mabaraza ya dedha yenyewe, yaweze kukutana na kulinda malisho. Mhandisi asingefikiria kutumia pesa hivyo. Ukame wa 2020 hadi 2023, uliopitisha misimu mitano mfululizo bila mvua ya kutosha na kuua zaidi ya mifugo milioni mbili nchini, ulionyesha jinsi malisho ya akiba yalivyo uhai wenyewe.

Nirudi Baringo. Kufikia mwaka 2020 ziwa lilikuwa limefurika na kumeza nyumba, shule na mashamba ya Wailchamus. Jirani yake, Ziwa Bogoria, nalo lilipanda. Bogoria ndiko jamii ya Waendorois ilikofukuzwa miaka ya 1970, na mwaka 2010 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikatangaza kwamba haki zao zilivunjwa. Kwa hiyo katika kaunti hii, kuwahamisha watu si suala la mahema na mabati tu. Ramani ya makazi mapya ikishachorwa Nairobi, wazee wanaitwa kuarifiwa. Waitwe karatasi ikiwa bado tupu, na akina mama wa Salabani na Ng'ambo wakae mbele, si nyuma ya turubai. Wakisema eneo fulani limejaa mathenge kiasi kwamba mbuzi hawatamaliza mwaka, eneo hilo lifutwe kwenye ramani.