Itabaki Baada ya Kuzimwa?

Wiki iliyopita umeme ulikatika ofisini kwetu, jenereta ikachelewa, na seva inayobeba mashine pepe zetu zote (kompyuta zinazoigwa na programu ndani ya seva moja) ikazimika. Ilipowaka tena, mashine ya mishahara iliamka na GB 4 za RAM, ilhali miezi miwili kabla nilikuwa nimeipandisha hadi GB 8, nikahakikisha zimeonekana, nikaenda kulala kwa amani. Saa moja asubuhi mhasibu alinipigia simu, na aliyoniambia hayaandikiki.

Kosa ni langu, nakiri. Nilitumia virsh, programu ya kusimamia mashine pepe kwa amri, nikaandika amri yake ya kubadilisha RAM, setmem, bila kuweka --config, kwa hiyo badiliko liliigusa mashine iliyokuwa ikifanya kazi wakati ule tu, wala halikuandikwa katika usanidi unaosomwa inapowashwa baada ya kuzimwa. Hata hivyo, nilipoufungua mwongozo rejea wa virsh ili nijue nilipopotea, niliambiwa kwamba --live hugusa mashine inayofanya kazi, --config hugusa uwashaji unaofuata, na nisipotaja lolote, matokeo hutofautiana kulingana na hipavaiza, yaani programu inayoendesha mashine pepe. Ahsante sana! Ni sawa na kumwuliza kondakta nauli, naye akakujibu kwamba nauli inategemea basi.

Hakuna anayeusoma mwongozo wa aina hii kutoka mwanzo hadi mwisho. Tunauingilia usiku, kupitia amri moja, tukiwa na maswali mawili tu: badiliko hili litaanza lini, na je, litabaki mashine ikizimwa? Virsh edit, amri ya kuhariri usanidi wa mashine, huyapokea mabadiliko yako bila kunung'unika, lakini mengi hayatafanya kazi mpaka mashine izimwe kabisa na kuwashwa tena. Kuiwasha upya ukiwa ndani yake hakutoshi, kwa kuwa mchakato wa QEMU, hipavaiza yetu, unaoibeba ni uleule. Jambo zito kama hilo linastahili kuwekwa mlangoni, si uani. Na ukiandika setmem 8 ukiwaza gigabaiti, umeomba kibibaiti 8, kiasi kidogo mno.

Majina nayo ni kisa kingine. Destroy, ambayo ungedhani inateketeza kila kitu, huikatia mashine umeme tu, diski na usanidi wake vikabaki mahali pake. Undefine, yenye jina la upole, ndiyo inayoufuta usanidi, na ikipewa --remove-all-storage huondoka na diski pia. Kijana wetu wa mafunzo kazini aliwahi kukataa katakata kuandika destroy, nami nikamcheka. Hapo mwongozo unaeleza vizuri, lazima niukubalie, lakini kijana alikuwa na haki ya kuogopa.

Nitaambiwa kwamba rejea si kitabu cha mafunzo, kwamba wengi wanaoichangia libvirt, mradi unaotengeneza virsh, hawalipwi na mimi hata senti, na kwamba ukurasa wa XML ya mashine pepe, yaani muundo wa faili la usanidi wake, umetaja karibu kila kitu kinachotajika. Ni kweli. Wala sidai mafunzo: nadai sentensi moja chini ya kila amri, inayosema badiliko linaanza lini na linadumu hadi lini.

Kwa sasa, kila nikibadilisha kitu, naandika virsh dumpxml --inactive ili nione mashine itaamka na nini kesho. Amri hiyo imo mwongozoni, mbali kabisa na setmem. Niliiona kwa bahati, nikitafuta jambo jingine.