Si mito yote ya Nairobi iliyokufa
Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema Nairobi hakuna tena njia ya kutembea kando ya mto kwa sababu mito yote imegeuka mitaro ya maji taka. Kwa Gikomba na Korogocho namuunga mkono, mwenye pua hawezi kubisha. Lakini msitu wa Karura je? Ingia kwa lango la Limuru Road, fuata vibao hadi njia inayopita kando ya mto Karura, kwenye maporomoko na yale mapango ambayo wazee husimulia kuwa wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo. Kuna mianzi mirefu inayokwaruzana upepo ukivuma, kima wanaruka juu ya kichwa, na udongo mwekundu unaoteleza vibaya baada ya mvua, kwa hivyo vaa viatu vya kushika chini, si ndara. Maji yenyewe kweli si ya kunywa: mvua ikinyesha yanakuja na povu na chupa za plastiki kutoka mitaa ya juu, na hilo linaniuma sana. Ila kusema hakuna njia ni kumsahau mtetezi wa mazingira Wangari Maathai na wenzake waliopigwa mwaka wa 1999 wakipinga msitu huu kugawiwa wajenzi. Bila wao pale pangekuwa na majumba tu. Mwandishi huyo aende asubuhi katikati ya wiki, maana wikendi watu ni wengi mno. Na nyinyi mnaokaa upande wa Ngong na Athi River, huko kuna njia ya mto ambayo mtu anaweza kupita na watoto bila wasiwasi?