Chombo Hakirudi Kitupu

Wanafunzi wawili wa chuo kikuu kutoka Japani walipopanga nyumba ya jirani yetu hapa Ujiji ili wachunguze samaki wa Ziwa Tanganyika, jambo la kwanza walilolifanya, kabla hata ya kufungua mabegi, lilikuwa kupita kwa majirani wakigawa vijiboksi vya biskuti, kwa sababu kwao anayehamia mtaani ndiye anayekwenda kujitambulisha akiwa na zawadi mkononi. Bibi alifurahi mno. Ujiji imezoea wageni tangu zamani, lakini Bibi hajamsamehe Stanley, ambaye mwaka 1871 alimkuta Livingstone hapa baada ya kumtafuta kwa miezi mingi, akamsalimia kwa sentensi moja bila kumwuliza habari za nyumbani.

Kwa kuwa chombo cha jirani hakirudi kitupu, nilitumwa kukirudisha kijiboksi kikiwa kimejaa dagaa wa kukaanga. Kumbe Wajapani nao hawapokei zawadi wakanyamaza, ila desturi yao ina kiasi: aghalabu hutosha kurudisha kitu chenye thamani ya nusu ya ulichopewa. Mwenye kujua hesabu ataona kwamba pande zote mbili zikiifuata kanuni hiyo, zawadi zitapungua hadi punje ya mchele na majirani watapumzika. Bibi si mtu wa nusu. Tochi aliijibu kwa migebuka ya kubanikwa, na leso akaijibu kwa jogoo, ambaye wageni walidhani ni wa kufuga tu, wakampa jina na kumfunga utepe shingoni, naye akawashukuru kwa kuwaamsha kila siku saa kumi alfajiri.

Mchukuzi wa zawadi hizo nilikuwa mimi, na kwa kuwa si adabu kufika mlangoni kwa mtu ukageuka bila kuketi, tulikuwa marafiki wa kufa na kuzikana kabla mwezi mpya haujaandama. Walinifundisha kuinama kwa heshima, ambako kadiri unayemwinamia anavyokuwa mkubwa ndivyo mgongo unavyozidi kushuka. Mimi niliwafundisha kubeba mzigo kichwani kwa ngata, somo ambalo yule mrefu alilipenda kupita kiasi, akawa hashiki tena ndoo kwa mkono.

Siku moja nisiyokuwapo ililetwa pakiti ya mwani uliotandazwa na kukaushwa ukawa karatasi nyeusi nyembamba, ambayo kwao hufungiwa wali. Bibi aliitazama, akaamua kuwa ni karatasi ya kaboni ya kunakilia, bidhaa isiyoonekana madukani siku hizi, akaifungia sandukuni pamoja na hati ya kiwanja.

Ijumaa ya kuagana, Bibi aliazimia kufunga hesabu kwa dumu la lita 10 la mawese, lililozibwa kwa gunzi. Yule mrefu alikataa kusaidiwa. Alitwishwa, akaachia mikono, akashika njia kwa madaha huku akina mama wakimpigia vigelegele, na nakiri kwamba mwalimu wake nilijisikia fahari. Penye kona tukakutana na balozi wetu wa nyumba kumi akielekea msikitini, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama yenyewe. Nikamnong'oneza mgeni kwamba huyo ndiye kiongozi wetu.

Mgeni akasema, "Shikamoo," akainama. Aliinama vizuri, mgongo umenyooka, chini kabisa kama inavyompasa kiongozi, na dumu likamtangulia. Gunzi lilichomoka. Balozi alikuwa amekwisha kufungua kinywa aseme marahaba, kwa hiyo sehemu ya mawese iliingia humo, na iliyobaki ikatiririka hadi kwenye ndara. Doa la mawese halikubali kutoka, hata kwa sabuni iliyotengenezwa kwa mawese yenyewe. Na kwa kuwa kwao hata msamaha huombwa kwa kuinama, mgeni aliinama tena, chini zaidi, juu ya ardhi iliyokwisha kuwa na utelezi.

Walipokwisha kuinuliwa wote wawili, Balozi alitaka hasara iandikwe papo hapo, nakala mbili, moja yake na moja ya ofisi ya mtaa. Bibi hakuwahi kuombwa kitu akiwa tayari namna ile. Alikwenda nyumbani karibu mbio, akarudi na karatasi yake nyeusi, akaipachika katikati ya kurasa mbili za daftari na kurudi nyuma hatua moja ili apongezwe. Balozi alikandamiza kalamu. Karatasi ikalia kakaka na kuvunjika vipande. Mgeni, mawese yakimchuruzika masikioni, aliitambua zawadi yake, akaokota kipande na kukitafuna taratibu ili tuelewe kazi yake.

Balozi alimtazama mpaka akameza, kisha akaongeza kifungu cha pili: kwamba mtuhumiwa ameitafuna nakala ya ofisi mbele ya mashahidi.