Sikufa Tanga, Nilikuwa Napaka Rangi

Haya, kabla ile sauti aliyorekodi wifi yangu kuhusu yaliyonikuta Tanga haijafika Mwanza na Mbeya, nisikilizeni mimi mwenye mdomo wangu. Sikula penseli. Narudia kwa wale mliotumiwa ile sauti mkaisikiliza hadi mwisho na kuwatumia wengine: sikula penseli, sikunywa wino, na hakuna aliyenilisha kitu. Niko hai, niko Tabata, na ulimi umesharudi rangi yake ila pale katikati.

Mnaonijua mnajua habari za vitabu vyangu vya kupaka rangi. Wageni, kwa ufupi: kazi yangu ni mahesabu, presha yangu inajua tarehe za mwisho wa mwezi kuliko mimi, nikaambiwa nitafute kitu cha kutuliza akili. Wenzangu wanafuma vitambaa, wengine wanapanda mchicha kwenye ndoo. Mimi nikanunua kitabu cha michoro ya watu wazima, maua na samaki na pindo za kanga zilizojaa vijisehemu vidogo vidogo, unakaa unavijaza kimoja kimoja mpaka unasahau hata kama umebandika maharage. Mume wangu kila akinikuta nimeinama huuliza kama mwalimu ameshasahihisha.

Na msinicheke, sikuanza mimi. Mwaka 2016 watu wazima huko Ulaya na Marekani walivivamia vitabu hivi mpaka kiwanda cha penseli cha Faber-Castell, Ujerumani, kikaongeza zamu. Na Mzee Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar mwaka 1968, na zile rangi za kupakia baiskeli, alikuwa mtu mzima na akili zake timamu. Kwani kuna aliyemuuliza yuko darasa la ngapi?

Kilichoniponza ni aina ya penseli. Ukizunguka maduka ya stesheneri Kariakoo utakuta za nta, utakuta za mafuta, ambazo ni ngumu kidogo na zinachongeka vizuri, na utakuta za maji. Za maji unazijua kwa kibrashi kidogo kilichochorwa ubavuni. Unapaka kavu, halafu unapitisha brashi mbichi juu yake, rangi inayeyuka na kusambaa ukurasa mzima. (Maka za spiriti sizitaki kabisa. Zinapenya karatasi. Unapaka jogoo upande huu, ukifungua wa pili unakuta kambale ana upanga mwekundu wa jogoo kichwani.) Sasa hizi za maji zina siri moja tamu: ukilowesha ncha yenyewe kabla ya kupaka, rangi inatoka nzito, imekolea, hadi raha.

Niambieni basi nyie, ndani ya basi la Tanga kikombe cha maji nitakishikilia wapi?

Nikatumia ulimi.

Safari yenyewe ilikuwa ya arobaini ya babu yake mume wangu. Mimi nilitangulia kusaidia jikoni, yeye afuate kesho yake. Dereva alikuwa na haraka zake, kila akitaka kulipita lori mimi nainamisha kichwa kwa pweza wangu. Ndiyo, ukurasa ulikuwa wa pweza, na mawimbi, na mwani. Bluu, bluu nyingine, bluu iliyoiva, na kijani cha mwani. Lamba, paka. Lamba, paka. Wami tumeivuka sina habari. Segera tunakata kona mimi namalizia mkono wa sita. Muheza nikanunua machungwa dirishani, nikayafyonza vizuri, nikajipangusa mdomo kwa kiganja, nikarudi kwenye mawimbi. Jirani yangu wa siti alilala tangu Kibaha, Mungu amsamehe, maana huyo ndiye aliyekuwa na nafasi ya kuniokoa.

Dalili zilikuwepo. Pale stendi ya Kange dereva wa bodaboda alinitazama, akanivisha kofia kwa mikono yake mwenyewe, akaendesha polepole hadi baiskeli zikawa zinatupita. Nikasema moyoni, watu wa Tanga wana adabu jamani. Tulipofika Ngamiani nikamlipa, akaniambia kwa huruma, "Mama, Mungu akufanyie wepesi." Nikaitikia amina, nikidhani anazungumzia msiba.

Sasa twendeni taratibu, maana hapa ndipo wifi amepatia chumvi.

Napiga hodi, naingia uani. Wanawake wamejaa mikekani, wanachambua mchele wa pilau ya kesho. Mama mkwe amenipa mgongo. Anayetazama mlangoni ni shangazi yake mume wangu, ana ungo mapajani. Akainua uso atabasamu. Tabasamu likafika katikati likagoma. Macho yakateremka mpaka mdomoni kwangu yakaweka kambi. Ungo ukaanza kulala upande, mchele unamiminika juu ya miguu yake, na yeye wala. Mimi huku naendelea na adabu zangu: nimepiga goti, "Shikamoo shangazi," nimenyoosha mkono. Akautazama ule mkono. Ncha za vidole, bluu.

"Dada," akamwita mama mkwe kwa sauti ya chini sana, "hebu geuka umtazame mkaza mwanao."

Wafuasi wangu, hapa lazima niwaambie kitu ambacho wifi hakukisema: mama mkwe wangu ni mkunga mstaafu. Huyu mama maisha yake yote ameangalia midomo ya watoto wachanga. Akiona mdomo wa bluu hasubiri maelezo, anajua hewa haifiki. Na akiona na vidole vya bluu, basi.

Akageuka. Akaniangalia kwa muda wa pumzi moja.

"Hewa!"

Uwanja wote ukasimama. Sikumbuki nililazwa na nani, ila najua kuna aliyefungua vifungo, kuna aliyevuta viatu, na upepo wa kanga ukaanza kunipiga kutoka pande zote nikashindwa kupumua kweli. Nikajitahidi.

"Mama, ni rangi!"

"Ndiyo mwanangu, rangi tunaiona."

"Hapana mama, ni rangi ya..."

"Usiseme, mwanangu, unamaliza pumzi." Na shangazi akaniziba mdomo kwa kiganja.

Alipokitoa, kiganja chake nacho kilikuwa cha bluu. Akakitazama. Akakigeuza. Akapiga ukelele ambao nina hakika ulisikika hadi barabara ya pili, kisha akauliza kama inaambukiza.

Basi akatokea binti mmoja mwenye huruma zake, na kata ya maji. Mnakumbuka nilivyowaeleza kuhusu penseli za maji? Mnakumbuka rangi kavu ikikutana na maji inafanya nini? Maji yalinipiga usoni pwaa! Bluu yote iliyokuwa imekaukia pembeni ya mdomo tangu Segera ikaamka. Ikateremka kidevuni. Ikaingia shingoni. Nikaiona kwa macho yangu inaelekea kwenye mtandio mweupe, inajitawanya kwenye uzi, inatengeneza mawimbi mazuri kuliko yale ya kitabuni. Mtu akasema, "Inamtoka! Inamtoka!" Mwingine akaanza kulia kabisa.

Shangazi akajikaza, akainama sikioni kwangu na kile kiganja chake cha bluu juu ya paji langu. "Mwanangu, sema la ilaha illa llah."

Nikasema. Wewe ungekataa?

Kosa ni kwamba kuitamka lazima ufungue kinywa. Wakauona ulimi. Ulimi ulikuwa wa kijani, kwa sababu ya mwani. Kikapita kimya, halafu bibi mmoja akatoa hukumu: "Huyu kalishwa sumu." Ikaja bilauri ya maziwa. Nikanyweshwa kwa nguvu, nusu yakaingia, nusu yakarudi nje yakiwa ya bluu mpauko, na hapo hata mimi nikaanza kujitilia shaka. Nikajiuliza, hivi kweli niko sawa?

Mnaniuliza kwenye inboksi kwa nini sikuonyesha penseli tu. Kwanza, mkoba ulikuwa umekaliwa na yule bibi wa hukumu, na hana mwili wa kusukumwa. Pili, na hii ndiyo inayouma, kuna sekunde kidogo walininyamazia wanisikilize, nikaona macho yote yale mekundu kwa machozi, nikajifikiria ninavyowaambia kwamba mke wa mtoto wao, mama mtu mzima, badala ya kuja anamsomea marehemu Yasin njiani, alikuwa anapaka pweza. Sauti ikakwama kooni. Wao wakaona ndiyo pumzi ya mwisho hiyo, nikabebwa juu juu hadi kwenye bajaji.

Humo bajajini tulikuwa watu ambao polisi wa usalama barabarani asingetuelewa. Nilikuwa juu ya mapaja ya mama mkwe, ananihesabia mapigo ya moyo mkononi na kumwambia dereva asipunguze kwenye matuta.

Zahanati nikapokelewa mbele ya foleni yote. Nesi kijana, mtulivu, akanibana kidole na kile kidude cha kupimia oksijeni. 98. Akakikung'uta. Akahamia kidole kingine. 97. Akaniangalia, akamwangalia mama mkwe, akaniangalia tena. Kisha akachukua pamba, akaichovya kwenye spiriti, akanifuta mdomo mara moja kutoka kushoto kwenda kulia. Pamba ikageuka bluu na mdomo wangu ukabaki na mstari wa rangi ya mdomo. Akaiinua ile pamba kwenye mwanga. Foleni nzima nayo ikainua shingo.

"Mama, umekula nini?"

"Sijala kitu. Nilikuwa napaka rangi."

"Rangi ya nyumba?"

"Ya pweza."

Mengine sina nguvu nayo. Penseli zilitolewa mkobani zikapangwa juu ya meza ya nesi kama vielelezo mahakamani, kitabu kikapita mkono kwa mkono hadi kwa mgonjwa wa mwisho kwenye benchi, mama mkwe akalipa, hakuongea njia nzima. Arobaini ilisomwa salama, pilau iliiva, wageni walikuwa wengi na wengine nadhani walikuja kuniona mimi. Mume wangu alifika asubuhi akiwa ameshapigiwa simu na kila mtu, akaniuliza swali lake la mwalimu mbele ya watu, nikamnunia hadi tuliporudi Dar. Watoto wa pale wananiita Mama Pweza. Kumbe kile kitabu chenyewe kimebaki Tanga, na habari nilizonazo ni kwamba shangazi ameshamaliza mikono miwili iliyobaki, kaipaka pinki.

Sasa wifi, kwa kuwa najua unasoma: acha kusema kwenye sauti zako kwamba nimetia familia aibu. Tunajua kinachokusumbua ni ule mtandio mweupe ulioniazima. Nimeufua kwa sabuni ya kipande, nimeuloweka usiku, nimeuanika juani, nimeufua tena. Bluu haijasogea. Penseli za maji wanaziita, na maji ndiyo hayaitoi. Niambie tu bei yake, ila ya kweli, siyo uliyomtajia kaka yako.