Tatizo la banda la kuku ni maji, si matandiko

Ukitaka kumtia mfugaji aibu mbele ya majirani, sema banda lake halijafagiliwa tangu Mfunguo Mosi. Ndiyo maana njia ya matandiko mazito huingia visiwani Zanzibar ikiwa imeshahukumiwa. Njia hiyo humtaka mtu atandike maranda au pumba za mpunga, aache kinyesi kichanganyike humo, aongeze makavu juu kila yanaposhindiliwa, kisha atoe yote baada ya miezi mingi. Jirani husikia neno moja tu, "aache", na kwake hiyo ni tafsiri ya uvivu.

Wanaoipinga wana hoja, nami nitazifikia. Kwanza tuhesabu.

Kuku mmoja wa mayai hutoa takriban gramu 100 za kinyesi kibichi kwa siku, na kama robo tatu yake ni maji. Chukua banda la kuku 100, ambalo si kubwa. Hizo ni kilo 10 kwa siku, na ndani yake lita saba na nusu za maji. Kwa mwezi ni zaidi ya lita 220, yaani ndoo kubwa kumi na moja zilizomwagwa sakafuni bila ya mtu kuona aliyezimwaga. Hapo hatujataja chombo cha kunyweshea kinachovuja, wala mvua inayopigwa na upepo ikaingia kwa ubavuni. Wakati wa joto la kaskazi kuku hunywa zaidi na kinyesi chake huwa chepesi zaidi, kwa hiyo hata msimu wa jua haupunguzi hesabu kama tunavyodhani.

Ndoo hizo kumi na moja zinakuja kwa anayefagia na kwa asiyefagia. Tofauti ni pa kwenda. Kwenye saruji tupu, au kwenye maranda ya unene wa kidole, hazina pa kwenda. Kufikia alfajiri sakafu ni uji. Mwenye banda hufagia, hubeba, humwaga nyuma ya jiko, na pale nzi huanza kazi: kwa joto letu, yai la nzi huwa nzi kamili kwa muda wa wiki moja hadi siku kumi. Kisha huosha sakafu, yaani huongeza maji palepale alipotaka kuyaondoa, na katika shehia ambazo bomba hutoka kwa zamu hayo si maji ya kuchezea. Banda limekuwa safi kwa macho, na uchafu umehamia hatua kumi kutoka kwenye sufuria.

Matandiko ya sentimita 15 yanayopandishwa polepole hadi 25 au 30 hufanya jambo jingine. Maji husambaa, kuku huchakura, upepo hukausha kinachofunuliwa. Yakienda vizuri hubaki na unyevu wa asilimia 20 hadi 30, na nzi hapendi kutaga pakavu namna hiyo. Kipimo ni mkono: kamata konzi ya matandiko, uikaze, uifungue. Ikibaki donge, ongeza makavu leo, usingoje kesho. Ikimeguka taratibu, acha. Ikiruka vumbi, imekauka mno na itawaumiza mapafu, kuku na wewe.

Kwa harufu nako matandiko yanasingiziwa. Kinyesi cha kuku kina naitrojeni nyingi kuliko kaboni ya kuishika. Pumba na maranda ndiyo kaboni yenyewe. Vikikosekana, au vikilowa, naitrojeni hupaa ikiwa amonia, gesi kali inayowasha macho. Banda linalonuka kwa hiyo lina matandiko machache au mabichi, si mengi. Mkosi ni kwamba tiba tunayoikimbilia ni chokaa. Tunayo, na mkono huizoea. Lakini chokaa huongeza ualikali (kinyume cha uasidi), na ualikali huifukuza amonia itoke kwa kasi zaidi. Mfugaji hunyunyiza, macho yanamwasha, anasema dawa imeingia. Na asipime kwa pua akiwa amesimama mlangoni: kichwa cha kuku kiko karibu na sakafu, achuchumae hapo hapo anapopumulia kuku. Amonia ikipita sehemu 25 kwa milioni huanza kumdhuru kuku macho na koo, na pua ya anayeingia kila siku huwa imeshazoea.

Sasa upande wa pili. Wataalamu wa mifugo wanaohofia ugonjwa wa kuku wa kuhara damu (koksidiosisi) hawasemi ovyo. Vijidudu vyake hupevuka penye joto, unyevu na hewa, na huo ni wasifu wa Pemba mwezi wa Aprili. Virusi vya Gumboro, ugonjwa unaovunja kinga ya kuku wachanga, navyo hukaa bandani kwa miezi. Banda likipigwa na ugonjwa wa namna hiyo, hakuna mjadala: toa yote, pumzisha, anza upya. Vifaranga wa siku moja pia wasiwekwe juu ya matandiko makuukuu yanayotoa amonia.

Ila hofu hiyo ina nusu nyingine isiyosimuliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Kennard na Chamberlin wa kituo cha majaribio ya kilimo cha Ohio, Marekani, walilinganisha kuku wa matandiko ya zamani na wa matandiko yanayobadilishwa mara kwa mara, na waliokufa kwa kuhara damu walikuwa wachache kwenye yale ya zamani. Kuku akiokota vijidudu kidogo kidogo hujenga kinga. (Walisifu pia vitamini B12 inayotengenezwa na bakteria wa humo, lakini kwa anayelisha dagaa, ambao tayari wanayo, hilo halina uzito.)

Kweli, Ohio si Wete. Wao walifurahia joto la matandiko wakati wa theluji. Sisi joto tunalo la kugawa, na hewa ya masika hufika bandani imeshajaa maji. Hapa ndipo hoja ya wapinzani ina nguvu kuliko zote, na jibu lake haliko kwenye matandiko bali kwenye jengo. Banda lielekeze mbavu zake ndefu kaskazini na kusini, nusu ya juu iwe waya: jua la asubuhi na jioni halitaingia ndani, na kaskazi na kusi zote zitapita kati. Paa litokeze nje vya kutosha. Kuku wa mayai wasizidi watano au sita kwa mita ya mraba. Asiyeweza hayo, mwenye kibanda cha bati kilichobanwa na kuta za majirani huko Ng'ambo, mjini Unguja, afagie tu. Na mwenye kuku wa nyama ajue kuku hao ni wazito na huchakura kidogo tu. Reki itakuwa kazi yake.

Malighafi nayo si bure. Pumba hupatikana kwa msimu, maranda ya seremala mengine yametoka kwenye mbao zilizopakwa dawa, na makumbi mazima ya nazi hayafyonzi kitu mpaka yachanwe. Vumbi la usumba ndilo linalofaa. Makonyo ya karafuu hakuna Mpemba atakayeyatandika, yana soko lake kiwandani Wawi.

Lakini angalia kinachotoka. Kwenye maweni ya Makunduchi au Micheweni, ambako udongo hukaa kwenye mifuko ya mawe, polo la matandiko yaliyokomaa lina thamani ambayo kinyesi kibichi hakina: kinyesi kibichi huunguza tungule na kuoshwa na mvua ya kwanza. Si kwamba matandiko hayo hutoka tayari. Bandani hayapati joto la kuua vimelea, hivyo yarundikwe nje na kupinduliwa wiki kadhaa kabla ya kukaribia mchicha.

Linalobaki ni kalenda. Shamba linataka mbolea mwezi wa Machi, kabla ya masika. Kuku wanataka unene ule ule kuanzia Machi hadi Mei. Wengi humaliza kwa kutoa yote Machi, kisha Aprili wanalaani njia nzima wakiwa juu ya maranda ya vidole viwili. Anza Juni au Julai, wakati wa kipupwe. Februari toa nusu tu uirundike, nusu iliyokomaa ibaki chini, na maranda makavu yaliyowekwa akiba yaende juu yake kabla ya mvua.