Shishmaref Inaisubiri Barafu

Kila Septemba, barafu ya Bahari ya Aktiki inapofikia kiwango chake cha chini kabisa kwa mwaka, vyombo vya habari hutangaza ukubwa wake kwa kilomita za mraba, na hadi sasa rekodi inashikiliwa na mwaka 2012, ambapo zilibaki takribani milioni 3.4 tu. Siipingi takwimu hiyo. Ninachosema ni kwamba mtu anayeishi ufukweni haulizi barafu ina upana gani. Anauliza itafika lini.

Shishmaref ni kijiji cha Wainupiat, wenyeji wa asili wa Alaska, jimbo la Marekani; wako wapatao 600, katika kisiwa chembamba cha mchanga kiitwacho Sarichef, ndani ya Bahari ya Chukchi, kaskazini ya Mlangobahari wa Bering. Zamani vuli ilipoingia, maji ya karibu na nchi yaliganda mapema yakashikamana na ufukwe, kiasi kwamba dhoruba za mwishoni mwa mwaka ziliikuta bahari imekwisha kufungwa, na wimbi lililotoka mbali lilifia kwenye barafu kabla ya kuugusa mchanga. Siku hizi dhoruba inatangulia na barafu inafuata. Tena mchanga wenyewe, ambao ulishikwa imara na ardhi iliyoganda mwaka mzima, unalegea. Wimbi huuchimba ukingo kwa chini, na sehemu ya juu, pamoja na nyasi zake, hubaki ikining'inia kwa muda kisha huporomoka yote kwa pamoja. Picha ya nyumba ya mbao iliyolala ubavu katika ufukwe huo imezunguka dunia nzima, nami kila nikiitazama nayaangalia madirisha yake, kwa sababu yalitengenezwa na mtu aliyeamini kwamba atachungulia bahari kwa miaka mingi.

Wengi hudhani kinachokula kisiwa hicho ni kupanda kwa bahari peke yake. Lakini barafu inayoelea tayari imo majini, na ikiyeyuka haiongezi kina kwa kiasi cha kutajika. Kilichopotea hapo ni kinga.

Kimepotea pia kitu cha kukanyagia. Wawindaji wa Shishmaref humfuata sili mkubwa mwenye ndevu, mnyama wa baharini anayenyonyesha, wanayemwita ugruk, kwenye vipande vya barafu wakati wa masika; nyama yake huanikwa kwenye vichanja vya miti hadi iwe nyeusi, na mafuta yake huwekwa akiba ya kulia chakula. Barafu ikivunjika mapema, msimu huo hufupika, na barafu nyembamba inaweza kumzamisha hata mzee aliyeijua njia tangu utotoni.

Wanyama nao wana hesabu zao. Walarasi, mnyama mkubwa wa baharini mwenye pembe mbili ndefu kinywani, hupumzika juu ya barafu na kuzamia chaza kwenye maji ya kina kifupi. Barafu inaporudi nyuma hadi juu ya kilindi, majike na watoto wao hulazimika kupanda nchi kavu, na mwaka 2014 takribani 35,000 walijazana ufukweni karibu na kijiji cha Point Lay, huko huko Alaska. Wakishtushwa na eropleni au dubu, hukimbilia majini kwa kishindo na kuwakanyaga watoto hadi kufa. Wanakijiji waliwaomba waandishi wa habari wasije kuwapiga picha, na kwa maoni yangu ombi hilo lilikuwa na busara kuliko ripoti nyingi zilizoandikwa kuwahusu.

Wakazi wa Shishmaref walipiga kura ya kuhama mwaka 2002, wakapiga tena mwaka 2016, ambapo 89 walitaka kuondoka na 78 walitaka kubaki. Bado wako kisiwani, kwa kuwa fedha za kujenga kijiji kipya hazijapatikana. Nawaelewa wale 78. Kuwapeleka watu hawa mjini, mbali na bahari wanayoiwinda, ni kuwanyima hata kile ambacho wimbi halijakichukua, na kwa hiyo nashikilia kwamba fedha za kuhama ni deni la nchi zilizochoma mafuta na makaa ya mawe kwa wingi, na kwamba mahali pa kuhamia pachaguliwe na wawindaji wenyewe, kabla dhoruba ya vuli haijawachagulia.