Amitriptilini kwa mgonjwa wa sonona: je, iwe bado dawa ya kwanza?

Kidonge cha amitriptilini cha miligramu 25 ni cha bei nafuu na kinajulikana sana katika vituo vya afya vya Tanzania na Kenya. Huandikiwa mwenye sonona, mwenye kisukari ambaye nyayo zinamwaka moto usiku, mwenye kipandauso, na hata anayelalamika tu kwamba hapati usingizi. Iliruhusiwa Marekani mwaka 1961. Fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, iliruhusiwa huko mwishoni mwa 1987. Shirika la Afya Duniani limeziweka zote mbili katika orodha yake ya dawa muhimu, amitriptilini tangu orodha ya kwanza ya 1977 na fluoksetini tangu 2007. Basi mtu mzima mwenye sonona, ambaye hajawahi kutumia dawa yoyote ya ugonjwa huo, aanzishiwe ipi? Mimi nasema fluoksetini. Hata hivyo, wanaoitetea amitriptilini wana hoja nzito.

Hoja yao ya kwanza ni nguvu ya dawa yenyewe. Mwaka 2018 jarida la The Lancet lilichapisha uchambuzi ulioongozwa na Andrea Cipriani wa Chuo Kikuu cha Oxford, uliokusanya majaribio 522 na wagonjwa zaidi ya 116,000. Dawa zote 21 zilizopimwa zilifanya vizuri kuliko kidonge kisicho na dawa ndani, na iliyoongoza kwa kupunguza dalili ni hiyo hiyo amitriptilini. Hoja ya pili inatoka kwa wagonjwa wenyewe. Wengi hawaji wakisema wana huzuni. Wanakuja na mgongo unaouma, kichwa kizito na usiku wa macho makavu. Amitriptilini huleta usingizi na hutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu, kwa hiyo mgonjwa huona nafuu ya kitu fulani mapema. Fluoksetini inaweza kumzidishia wasiwasi na kumnyima usingizi siku za mwanzo, ikamtia kichefuchefu, na baadaye ikampunguzia hamu ya tendo la ndoa, jambo ambalo wengi huona aibu kulitaja wakaishia kuacha dawa kimyakimya. Mama anayenyonyesha naye ana sababu ya kuuliza, maana amitriptilini huingia kidogo tu katika maziwa kuliko fluoksetini.

Lakini uchambuzi ule ule una upande wa pili. Amitriptilini ilikuwa miongoni mwa dawa ambazo wagonjwa wengi waliziacha kwa sababu ya madhara. Fluoksetini ilikuwa moja ya mbili tu ambazo walioacha matibabu, kwa sababu yoyote ile, walikuwa wachache kuliko hata waliopewa kidonge kitupu. Madhara hayo ya amitriptilini yanafahamika: kinywa kukauka, choo kuwa kigumu, macho kuona ukungu, uzito kuongezeka, kizunguzungu mtu anapoinuka ghafla. Kijana anaweza kuyavumilia. Mzee mwenye tezi dume anaweza kushindwa kabisa kukojoa, mwenye presha ya macho anaweza kuhatarisha uwezo wake wa kuona, na bibi anayeamka usiku kwenda chooni anaweza kuanguka akavunjika nyonga.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi, nalo ni dozi. Kwa maumivu, miligramu 10 hadi 25 usiku mara nyingi hutosha. Kwa sonona, kwa kawaida mtu mzima huhitaji kupandishwa taratibu hadi kati ya 75 na 150. Mgonjwa anayebaki na kidonge kimoja cha 25 miezi na miezi hajatibiwa sonona kwa kipimo kinachotakiwa, ingawa kinywa kinakauka na asubuhi kichwa ni kizito. Akisema dawa haisaidii, anaambiwa avumilie, au yeye mwenyewe anaamini kwamba ugonjwa wake hauna tiba. Nguvu iliyoonekana kwenye majaribio haiwezi kudaiwa kwa dozi ambayo haifiki huko. Kupandisha dozi kunahitaji mgonjwa arudi kliniki mara kadhaa, na anayeishi mbali na kituo hana nauli hiyo. Fluoksetini huanza na miligramu 20 asubuhi, na kwa wengi hiyo ndiyo dozi ya kutibu. Kwa mazingira yetu hili peke yake ni jambo kubwa.

Halafu kuna hatari ambayo kwangu inaamua mjadala. Sonona huja na mawazo ya kujiua, na amitriptilini ikimezwa kupita kiasi huvuruga umeme wa moyo, huleta degedege na huua. Matibabu yake yanataka kipimo cha umeme wa moyo, sindano za sodiamu baikaboneti na chumba cha uangalizi maalumu, vitu ambavyo zahanati haina. Fluoksetini peke yake, ikizidishwa, ni nadra kuua. Ndiyo maana amitriptilini, inapolazimu kumpa mtu aliye katika hatari hiyo, itolewe ya siku chache chache na itunzwe na ndugu, mbali na watoto pia, kwa kuwa kwa mtoto mdogo hata vidonge vichache ni sumu. Aliyezidisha dozi akimbizwe hospitali hata kama anaonekana mzima, kwani hali hubadilika ndani ya saa chache.

Mwingiliano na dawa nyingine haupewi uzito unaostahili. Dawa ya mseto ya malaria ina lumefantrini, ambayo inaweza kupandisha kiwango cha amitriptilini mwilini, na zote mbili zinagusa mapigo ya moyo. Malaria lazima itibiwe, hilo halina mjadala, ila anayetibu ajue mgonjwa anameza nini ili achague na kufuatilia. Flukonazoli ya fangasi na ritonaviri, iliyomo katika baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, nazo hupandisha kiwango chake. Pombe huzidisha usingizi wake kwa namna ya hatari, na dereva wa bodaboda au lori anapaswa kuambiwa hivyo waziwazi.

Fluoksetini nayo haina usalama wa bure. Ikichanganywa na aspirini, diklofenaki au ibuprofeni huongeza uwezekano wa kutokwa damu tumboni, na diklofenaki ni dawa ambayo watu hununua bila kuulizwa lolote. Tramadoli, dawa kali ya maumivu, ni tatizo kwa zote mbili: huongeza hatari ya degedege na ya serotonini, kemikali ya ubongo, kuzidi mwilini, hali inayoanza kwa kutetemeka, jasho, homa na kuchanganyikiwa. Na dawa zote za sonona zinaweza kuzidisha mawazo ya kujiua kwa vijana hadi miaka 24, hasa wiki za mwanzo. Mamlaka ya dawa ya Marekani imeweka onyo hilo kwa watoto tangu 2004 na kulipanua kwa vijana mwaka 2007. Aliyewahi kuwa na vipindi vya furaha na nguvu kupita kiasi aseme kabla ya kuanza, maana dawa hizi zinaweza kumrudisha huko.

Kwa hiyo nafasi ya amitriptilini ibaki kwenye maumivu ya mishipa ya fahamu na kipandauso, na kwa sonona pale fluoksetini imeshindikana au haipatikani, moyo umechunguzwa na dozi inapandishwa kweli. Anayeitumia sasa na kuendelea vizuri hana sababu ya kuiacha usiku wa leo kwa sababu ya makala. Kuikatisha ghafla huleta kichefuchefu, jasho na kukosa usingizi. Akitaka kubadilisha, akae na daktari dozi ishushwe taratibu, na asijichanganyie mwenyewe: fluoksetini huzuia ini lisiivunje amitriptilini, na kwa kuwa hukaa mwilini wiki kadhaa baada ya kuachwa, athari hiyo huendelea hata pale mgonjwa anapodhani ameshamaliza dawa moja na kuhamia nyingine.